Mashine ya Gemu Ndani ya Jiwe la Tabaka

Mashine yangu ya kwanza ya gemu ilimaliza betri ya kinyozi wakati kichwa cha mzee wa kanisa kilikuwa kimenyolewa nusu. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na stima ilikuwa imepotea Nyaramba tangu asubuhi. Kinyozi alibonyeza mashine yake ya kunyolea mara mbili, akaipiga kwenye kiganja, akaiweka sikioni. Kisha akageukia pazia. Mimi nilikuwa nyuma ya hilo pazia, kwenye nusu ya chumba aliyokuwa amenipa, pamoja na vijana wanne waliokuwa wakicheza mpira. Walikuwa bado wameshika vidhibiti, wanatazama skrini nyeusi.

"Mura," kinyozi akaniita. Ndivyo mtu mzima anavyomwita kijana kwetu. "Njoo uone kazi yako."

Nikaenda. Upande wa kushoto wa kichwa cha mzee ulikuwa safi. Upande wa kulia ulikuwa na nywele za mwezi mzima. Mzee hakunikasirikia. Alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, kesho nahubiri."

Kwetu Sabato ni Jumamosi, na Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla jua halijatua, mtu awe ameoga, amepika, amepiga pasi nguo za kanisani na amenyoa. Kwa hiyo kinyozi hupata watu wengi Ijumaa moja kuliko siku nyingine zote za wiki. Jumamosi anafunga kabisa, sola yake inajaza betri bila mtu kuigusa, na Jumapili anafungua tena. Haya yote niliyajua. Nilizaliwa hapo. Lakini nilipotengeneza mashine yangu sikuyahesabu, kama mtu asiyejua wiki ya kwao inavyokwenda.

Mzee alimaliziwa kwa wembe na maji baridi. Kesho yake alihubiri vizuri, lakini kichwa chake kilikuwa na rangi mbili, na watoto wa mstari wa mbele hawakusikia neno. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikitazama viatu vyangu.

Jumapili asubuhi kinyozi aliniambia masharti yake. Alikuwa anafagia, na hakuacha kufagia.

"Ijumaa ijayo sitaki kuona gemu hapa. Ile inayofuata, washa saa nane mpaka nifunge. Mashine yangu ya kunyolea ikizima kwenye kichwa kimoja tu, hata cha mtoto, ubebe vitu vyako urudi kwa mawe."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mimi si mtu wa maneno. Hata siku ya kwanza nilipotaka kumwomba ile nusu ya chumba, niliandika ombi langu kwenye karatasi ya daftari, nikampa, nikangoja nje.

Kurudi kwa mawe maana yake ni kurudi Tabaka. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea na shule. Nilienda kukaa na mjomba, ndugu ya mama, ambaye anachonga jiwe la sabuni: sanamu za viboko, sahani, mabao ya chesi, chochote ambacho wachuuzi wameagiza. Kazi yangu ilikuwa kusugua. Unasugua kwa msasa na maji, lakini kabla ya maji kuna kukata na kupiga tupa, na hapo ndipo vumbi hutoka. Ni vumbi jeupe, laini kama unga, linaingia masikioni na kwenye chai. Mjomba ana kikohozi ambacho tumekizoea sote. Kwenye mwaka wangu wa tatu na mimi nikaanza kukohoa asubuhi. Mjomba ndiye aliyesema nitafute kitu kingine, na kwamba nafasi yangu kwenye banda ataiweka mpaka mwisho wa mwezi huo. Baada ya hapo angemchukua kijana mwingine. Mwezi wenyewe ulikuwa unaisha, kwa hiyo zile siku kumi na mbili nilizopewa na kinyozi zilikuwa ndizo siku zangu zote.

Mashine niliyoijenga ilitokana na kompyuta za ofisi zilizochoka. Mjini Kisii kuna fundi wa simu na kompyuta ambaye alikuwa ameniruhusu kukaa kwenye kibanda chake siku nilizopata nafasi. Kwake nilijifunza kulehemu nyaya, kupaka ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kujua kipi kimekufa na kipi kimelala tu. Nilinunua kwake bodi ya zamani na kadi kubwa ya picha. Ile kadi ilikuwa fahari yangu. Nilitaka mtu akicheza mpira aone majani ya uwanja na jasho kwenye paji la uso wa kipa. Vijana walipoona hivyo walipiga kelele, na mimi nikafurahi nyuma yao bila kusema kitu.

Jumapili ile ile baada ya masharti, nilibeba mashine mpaka kwa fundi, nikamsimulia yaliyotokea. Aliiunganisha na kipimo cha umeme, akawasha gemu, tukatazama namba.

"Wati mia na hamsini," akasema. "Na televisheni arobaini juu. Betri ya kinyozi ni ya kuwasha balbu na kunyoa. Wewe umeleta lori kubeba sufuria moja ya chai."

"Lakini picha ni nzuri," nikasema.

"Nzuri kwa nani? Mzee wako wa kanisa aliiona?"

Fundi akishika utani haachi. Lakini baada ya kucheka alivuta kiti, akanieleza jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Alisema watu wote wakija kutengeneza mashine ya gemu wanaanza na swali moja: ina nguvu kiasi gani? Wale wanaotengeneza kwa kweli wanaanza kwingine. Wanauliza itakaa wapi, itakula umeme gani, joto lake litatokea wapi, na kama mwenye kununua ataimudu bei. Ndipo wanaangalia nguvu gani imebaki ndani ya hayo yote. Ukiongeza nguvu umeongeza umeme, ukiongeza umeme umeongeza joto, ukiongeza joto unahitaji feni kubwa, na feni ni pesa na umeme tena.

"Na mbio za mwisho ndizo zinazokula," akasema. "Ukiipunguzia prosesa mbio kidogo tu, umeme unashuka sana."

Hilo nililielewa haraka, kwa sababu nimebeba kikapu cha majani chai kupanda kilima kwenda kwenye kituo cha kununulia. Ukitembea utafika. Ukikimbia utafika mapema kidogo, lakini jioni nzima hufai kitu.

Tukabadilishana. Nilimwachia kadi yangu ya picha na bodi, naye akanipa matumbo ya laptopu iliyovunjika skrini. Prosesa yake ilikuwa ndogo na ilikuwa na sehemu ya picha ndani yake, haihitaji kadi. Kwenye kipimo ilikula wati thelathini ikicheza. Nilishika ile bodi mikononi, nyembamba kama kaki, na moyoni nilikuwa kama niliyeuza ng'ombe nikapewa kuku. Tatizo lake lilikuwa moja. Feni yake ilikuwa imekatika mapanga, na nyingine ilibidi iagizwe Nairobi, na sikuwa na uwezo wala siku za kungoja.

Kosa nililofanya baada ya hapo, sidhani mtu wa sehemu nyingine angelifanya. Nilikumbuka jiwe.

Mtu aliyesugua jiwe la sabuni miaka mitatu anajua lilivyo mkononi asubuhi: baridi, hata kukiwa na jua. Ukiweka kikombe cha moto juu ya sahani ya jiwe, kikombe kinapoa na sahani inachukua moto wote. Nikasema, hii ndiyo feni yangu. Haili umeme, haina mapanga ya kukatika, na mabaki yake yamejaa nyuma ya banda la mjomba yakingoja kutupwa. Jumatatu nikaenda Tabaka. Nikachagua kipande cha rangi ya maziwa chenye mshipa mwekundu, nikachonga kisanduku chenye kifuniko, nene kama vidole viwili, na bodi ikalala ndani kama imezaliwa humo. Prosesa niliigusisha na ukuta wa jiwe kwa kipande cha shaba. Nililisugua mpaka likang'aa. Nikajaribu saa nzima kwenye soketi ya mjomba. Jiwe lilikuwa baridi kama lilivyoanza. Usiku huo nililala vizuri.

Jumapili nikaiwasha kwa kinyozi, kujaribu kabla ya Ijumaa yangu. Vijana waliona kisanduku wakakigusa.

"Msee, hii ni gemu ama ni kaburi?"

"Ni zawadi ya wazungu. Geuza chini uone bei."

Lakini walicheza. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Taa ya betri ilibaki kijani, na kinyozi alinyoa vichwa viwili akipiga mluzi. Kwenye saa ya tatu picha ikaanza kukwama, mchezaji anakimbia hatua moja anasimama, halafu mashine ikajizima yenyewe. Nikaweka mkono juu ya jiwe nikauondoa upesi.

Tulikitoa kisanduku nje kwenye upepo. Nikasubiri nusu saa. Bado cha moto. Nikakifunga kitambaa chenye maji. Saa nzima, na bado kilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Kinyozi alikuja akasimama juu yangu, mikono nyuma.

"Mura, kalete ndizi mbichi mbili tuweke humo," akasema. "Hatuwezi kupoteza moto hivi."

Jioni nilimpigia mjomba simu, nikamweleza kwa maneno machache. Kisha nikasikia kicheko chake kikigeuka kikohozi, na kikohozi kikirudi kuwa kicheko.

"Miaka mitatu umekaa hapa," akasema. "Zile bakuli zenye kifuniko tunazochonga, wanaonunua wanazifanyia nini?"

"Wanaweka chakula."

"Kwa nini?"

Nilijua jibu. Wanaweka chakula kisipoe. Jiwe letu linachukua joto polepole na kulitoa polepole zaidi, na mimi nilikuwa nimelifunga pande zote na kifuniko juu. Lile jaribio la saa moja lilinidanganya kwa sababu jiwe lilikuwa bado linakunywa. Nilikuwa nimeitengenezea mashine yangu chungu.

"Njoo kesho," mjomba akasema. "Uje na hiyo bodi."

Nilifikiri ananiita nirudi kazini. Huenda na yeye alifikiri hivyo. Lakini nilipofika Jumatatu nilikuwa na kitu mfukoni: kitana cha kinyozi. Nilikuwa nimekitazama Jumapili yote kikipita kwenye nywele, na nilikuwa nimeona kwamba kati ya kila jino na jino kuna nafasi, na upepo unapita hapo. Nilimwonyesha mjomba kitana, nikamwonyesha jiwe, nikachora kwenye vumbi la sakafu. Sikutaka kisanduku tena. Nilitaka bamba la jiwe lililosimama, upande mmoja laini kushika prosesa, upande mwingine wenye meno marefu membamba yaliyosimama wima, ili joto lipande katikati yao na kutoka.

"Yatavunjika," mjomba akasema.

"Nitakata tena."

Akanitazama kidogo, kwa sababu kwa kawaida mimi hunyamaza. Kisha akanipa msumeno wake mwembamba.

La kwanza lilipasuka kwenye jino la nne. La pili lilifika la tisa, likaachia kipande kutoka chini kwa sababu ya mshipa ambao sikuuona. Nilifunga kitambaa puani na kumwagia maji kila nikikata. Jumatano jioni nilikuwa na bamba lenye meno kumi na moja. La mwisho lilikuwa limekatika ncha, nikaliacha hivyo. Halikuwa la kupendeza. Sikulisugua hata kidogo.

Alhamisi nilikaa nyumbani na kipimo cha umeme ambacho fundi alikuwa ameniazima. Jiwe peke yake halingetosha, hilo sasa nililijua. Ilibidi joto lenyewe liwe dogo. Niliizuia prosesa isipite nusu ya mbio zake. Nikaipunguza picha. Nikaondoa vivuli, nikaondoa jasho la kipa, nikaondoa majani, uwanja ukawa kama kitambaa cha kijani kilichotandikwa. Mwishowe nikaondoa mashabiki wote kwenye viti. Kila kitu nilichokitoa niliandika namba yake kwenye daftari: hiki wati mbili, hiki wati tatu. Kuna kimoja sikukigusa. Mtu akibonyeza kupiga mpira, mpira uende papo hapo. Hapo hata kuchelewa kidogo kunamuudhi mchezaji kuliko uwanja mbaya, na mimi mwenyewe nilijaribu mara nyingi mpaka kidole kikauma. Nilifika wati kumi na nane. Mashine ilikaa imewashwa saa sita, na meno ya jiwe yakabaki vuguvugu tu.

Ijumaa mvua ilianza saa sita mchana. Si ajabu kwetu, lakini mawingu yalikuwa yamekaa tangu Jumatano, na sola haikuwa imejaza betri. Saa nane nilipowasha, stima ilikuwa imeshapotea. Foleni ya kunyoa ilikuwa watu saba kwenye benchi na wengine mlangoni wakikwepa matone.

"Umejipanga?" kinyozi akauliza.

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi sisemi kitu. Betri ndiyo itasema."

Nyuma ya pazia vijana walilikagua lile jiwe lenye meno.

"Leo ameleta kitana cha jitu."

"Na mashabiki wako wapi? Uwanja mzima hakuna mtu."

"Leo ni maandalio," mwingine akamjibu. "Wako kwenye foleni hapo mbele."

Walicheka, kisha mtu akafunga bao, na hakuna aliyetaja mashabiki tena.

Saa zilikwenda. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo, pazia likifunguka kidogo, naona taa ndogo ya betri ukutani. Ilikuwa kijani. Saa kumi na moja ikawa ya manjano. Na mtu aliyekuwa akikaa kwenye kiti wakati huo, akifungwa shuka shingoni, alikuwa yule yule mzee wa kanisa.

"Hata wewe una imani kubwa," kinyozi akamwambia.

"Anza na upande wa kulia," mzee akasema. "Ule wa kushoto ulishapata zamu yake."

Watu wa benchi walicheka. Nyuma yake walikuwa wamebaki watatu. Nilihesabu kichwani: manjano maana yake betri bado ina kitu, lakini televisheni ilikuwa sasa inakula kuliko mashine yenyewe, na hilo nilikuwa nimelisahau katika kupunguza kwangu kote. Ningeweza kuzima gemu. Hapo mzee angenyolewa salama, lakini sharti lilikuwa niwashe mpaka afunge, na ningekuwa nimeshindwa vilevile. Kilichobaki ni kupunguza mwanga wa skrini na kushusha prosesa tena, vijana wakiwa katikati ya mchezo, mabao mawili kwa mawili. Na ilibidi kuwaambia. Sikuwa na wakati wa kuandika kwenye karatasi.

"Simamisheni kidogo," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasimama mbele ya skrini.

"Simamisheni. Nataka kupunguza mwanga. Picha itakuwa ndogo na giza kidogo, lakini mpira utakwenda vilevile. Nisipofanya hivyo mzee atanyolewa nusu tena, na mimi nitaondoka hapa."

Niliposikia sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata mbele ya pazia mashine ya kunyolea ilisimama kidogo. Kisha kijana mkubwa kati yao akasogeza kiti chake karibu na skrini.

"Punguza bas," akasema. "Lakini huyu asije akasema nimemfunga kwa sababu ya giza."

Nilipunguza. Wakasogea wote, vichwa vinne vimekaribiana kama wanaota moto, wakaendelea. Mashine ya kunyolea iliendelea kulia upande wa pili, sauti moja isiyobadilika. Sikuangalia taa tena. Nilisikiliza tu ile sauti. Iliisha kwa mzee, ikaanza kwa wa pili, ikaisha, ikaanza. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa mwisho ulikuwa umeingia mlangoni mtu wa tatu alipojipangusa shingo. Taa ilikuwa nyekundu wakati kinyozi alipovuta waya wa betri ukutani kwa mkono wake mwenyewe, kufunga kazi.

Mzee alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja, nadhani kuona. Alipita pazia, akainama kulitazama jiwe, akaweka kiganja juu ya meno yake.

"Halina moto," akasema.

"Lina kidogo, baba."

"Kidogo si kitu." Akavaa kofia, akatoka.

Kinyozi alifagia nywele, akafunga dirisha. Hakunipongeza. Alisema tu kwamba Jumapili nifike mapema, na kwamba kama mashine moja inakula kidogo hivyo, kwenye ile kona pana nafasi ya ya pili.

Nilimpigia mjomba Jumapili asubuhi, kabla hajaanza kukata.

"Unarudi?" akauliza.

"Hapana, mjomba. Nataka jiwe lingine."

"Kama lile?"

"Kama lile. Mabaki yatatosha."

Nilisikia akivuta vitu, mawe yakigongana. "Meno mangapi?"

"Kumi na moja."

"Nitalikata mimi," akasema. "Lako lilikuwa na kumi na nusu."